Moto ya Kiti cha Bantu Babili

Kamembe, 14 Januari 2001

Shema anaenda Zambia na moto! Védaste, umesikia? Si na gari, si na mashua, na moto, ile nyinyi mnaita pikipiki. Mtoto niliyemzaa mimi atapita kwako Kigoma, atapita Mpanda na Sumbawanga, ataingia Zambia na atarudi. Nimeanza na hilo kwa sababu kalamu ilikuwa inaniwasha mkononi.

Sasa salamu. Ndugu yangu mpenzi, natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bibi yako Benitha na batoto. Sisi tuko. Mvua imenyesha mingi, maharage ya upande wa chini imeoza. Vitenge ninauza siku daraja la Rusizi iko wazi. Siku wanaifunga, tunakaa tu tunaangalia Bukavu ya Kongo ng'ambo kama picha ya ukutani. Magoti inaniuma, lakini hiyo si ugonjwa, ni umri.

Shema, kama ungemuona! Yule mwembamba uliyemuacha sasa ni mwanaume. Anapeleka chanjo huko Nkungu, vilimani, kule njia inapanda kama ngazi. Anapanda na moto ya kituo cha afya, sanduku la barafu mgongoni, na hakuna chupa inapasuka. Sista mmoja alisema mbele ya bantu: "Maman Shema, huyu mtoto angezaliwa Ulaya angekimbia mashindano." Wiki nzima nilitembea kichwa juu, hata jirani aliniuliza kama shingo inauma.

Wewe ni fundi, wewe utatuchagulia moto. Sitaki ile ya mjini ya kubeba abiria, inalia kama nzi ndani ya chupa. Nataka ile ndefu, ya matairi yenye meno, kama ya bale bazungu babili balipita hapa wanaenda mpaka mwisho wa Afrika, batoto wote bakabafuata mpaka njia ya uwanja wa ndege. Tanki iwe kubwa. Iwake kwa kubonyeza, isimpe aibu ya kupiga mateke mbele ya bantu. Na kiti kiwe kirefu, cha bantu babili. Hilo usisahau. Feza iko, usiulize imetoka wapi.

Ukiuliza anaenda kufanya nini Zambia, jibu ni hili: anaenda kutembea. Bazungu peke yao njo wana ruhusa ya kuona dunia?

Dada yako,
Emerance, Maman Shema


Kigoma, 22 Februari 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dagaa, nadhani aliyeibeba aliificha ndani ya mzigo wake. Benitha anakusalimu. Watoto waliugua surua, wamepona. Mashua za kutoka Kongo bado zinashusha watu karibu kila wiki, na wanaoshuka wamekonda. Huwa ninakwenda bandarini kutazama nyuso zao, halafu ninarudi gereji.

Kuhusu pikipiki. Dada, pikipiki ya safari ndefu huichagui kwa jinsi inavyopendeza siku ya kuondoka. Unaichagua kwa pale itakapoharibikia, kwa maana itaharibika tu. Baada ya Mpanda kuna pori ambalo unaweza kwenda tangu asubuhi hadi alasiri usione paa la nyumba. Ikizimika humo, nani ataiwasha?

Zile ndefu za Wazungu zinakwenda vizuri, sikatai. Lakini zina uzito wa ng'ombe. Ikilala kwenye mchanga, kijana mmoja haiinui. Kifaa kikivunjika, atasubiri kifaa kutoka Ulaya akiwa amekaa juu ya jiwe. Kitufe cha kuwashia kinategemea betri, na betri haipendi mtikisiko. Teke halitegemei kitu isipokuwa mguu. Zipo nyingine za mafuta ya kuchanganya, ni nyepesi na fundi yeyote anazifungua kwa spana mbili, ila zinakunywa sana, na petroli huko inauzwa kwenye chupa, leo ipo, kesho haipo.

Ushauri wangu ni ile ndogo wanayotumia mabwana shamba. Inawashwa kwa teke, inakunywa kidogo, mnyororo wake umefunikwa, mtu mmoja anaiinua na wawili wanaipakia kwenye mtumbwi. Ina kiti cha mtu mmoja na keria ya chuma nyuma. Haipendezi kuitazama. Inafika.

Kiti cha watu wawili sikukielewa. Shema anasafiri na nani? Na huko Zambia kuna nini?

Mdogo wako,
Védaste


Kamembe, 30 Machi 2001

Védaste,

Shikamoo yako nimepokea, sijui niiweke kwenye kabati gani. Wewe, mtoto wa Kadutu ya Bukavu, tuliyekula naye sombe kwenye sahani moja, leo unaandika kama mwalimu wa Tanzania! "Ushauri wangu"! Nilimsomea Shema, akacheka mpaka akashika ukuta. Pole kwa surua ya batoto. Mbuzi yangu imezaa mapacha, na moja ina ndevu kama mzee wetu.

Lakini moto ya mabwana shamba! Shema apite mbele ya Kamembe nzima amekaa juu ya kitu cha kubeba mihogo? Bale bantu wananijua.

Umeuliza, basi nakujibu. Mwezi wa kumi na moja alikuja kwa meza yangu muntu anaitwa Habineza, amerudi kutoka kambi ya wakimbizi kule kaskazini ya Zambia. Alikuwa anatafutia bibi yake kitenge. Aliposikia Kiswahili yangu ni ya Bukavu, akauliza: "Unajua Gasana wa lori? Gasana wa Cyangugu, aliyekuwa anapeleka maharage Kamituga? Tuko naye kambini. Anatengeneza baiskeli za bantu." Makasi ilinianguka. Sikumwambia ni bwana yangu. Niliuliza tu kama ako muzima. Akasema: "Anakohoa, lakini ako muzima."

Unajua vile tulibaki. Oktoba ya 96 alivuka kwenda kupakia Bukavu, vita ikaingia, daraja ikafungwa, na lori haikurudi. Nilikusanya nani kulia? Hakuna. Kwetu matanga haikai kama hakuna muntu wa kusimama mbele ya bantu na kusema, mimi nilikuwa pale, mimi nilimfunika udongo. Nani alisimama? Kanisani banamama wajane wananisogezea nafasi kwenye benchi yao kila Jumapili. Ninawapita. Ninakaa na benye mabwana. Wacha waseme.

Barua niliandika kambini mara mbili, hakuna jibu. Malori ya kule, leo inakubeba, kesho inakuacha porini. Mtoto wa shofere ataenda na chombo chake mwenyewe. Anaenda mmoja, wanarudi babili. Na muntu wa kukohoa humuweki juu ya keria ya chuma.

Sasa unaelewa kiti.

Emerance


Kigoma, 6 Mei 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Benitha amepata kazi ya kushona sare za shule. Ziwa limejaa, maji yamefika kwenye mizizi ya miembe.

Nimeisoma barua yako. Kuhusu kiti, naomba unisikilize kama fundi. Pikipiki ikibeba watu wawili na mizigo kwenye njia ya mawe, kwanza zinachoka springi za nyuma. Halafu spoku zinakatika, moja leo, tatu kesho, na gurudumu linaanza kucheza. Ukiondoa kiti kirefu, pale nyuma unaweka galoni ya petroli, galoni ya maji, tyubu mbili na pampu, na vyote hivyo ni uhai wa kijana. Ukiweka mtu, vyote hivyo utaviweka wapi? Tanki lenyewe haliwezi kumvusha lile pori lote.

Ninaweza kumchomelea keria pana zaidi. Ninaweza kubadilisha sproketi ya nyuma ili ipande milima bila kuhema. Lakini kiti kibaki cha mtu mmoja. Nimeipata moja hapa mjini, injini yake nimeifungua, ni safi.

Salimu wote waliopo.

Védaste


Kamembe, 9 Septemba 2001

Védaste,

Nimekaa miezi ine bila kukuandikia, na siombi radhi. Hapa tuko wazima. Shema anakusalimu. Ile mbuzi ya ndevu ilikufa.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi ikalegea. Kurasa mbili nzima za springi, spoku, sproketi. Jina la Gasana hakuna hata mara moja. Shemeji yako! Muntu aliyekupakia bure kwenye lori yake siku unaenda kujifunza kazi Uvira, akakununulia na viatu. Nikakwambia ako muzima, wewe ukanijibu na galoni ya maji. "Salimu wote waliopo." Waliopo! Unafikiri dada yako hakusoma shule kiasi cha kuelewa hiyo?

Kama unajua kitu, sema. Kama hujui, usimzike na kalamu.

Shema ameacha kazi ya kituo cha afya. Atafika kwako na basi mwezi wa kumi, kwa njia ya Rusumo na Kibondo. Ukimpa moto ya kiti kimoja, atageuka na kurudi, nimemuapisha. Halafu nitaenda mimi mwenyewe kwa miguu, na haya magoti yangu.

Emerance


Kigoma, 28 Oktoba 2001

Dada,

Shema amefika salama, amechoka, amekula sahani tatu. Benitha anasema ana kicheko cha baba yake. Ni kweli.

Sijui kitu chochote, dada. Ningejua ningekuambia. Miaka hii yote nimekwenda bandarini kumtafuta kwenye nyuso za watu, nikazoea kurudi peke yangu. Kwa hiyo uliponiambia yuko hai, mkono ulikataa kuandika jina lake. Niliandika mambo ninayoyaweza.

Pikipiki nimeibadilisha. Ile ya kiti kimoja nimeirudisha kwa mwenyewe. Nimepata nyingine kwa padri mmoja anayerudi kwao: ya Kijapani, injini ya ukubwa wa mia mbili, inachoma petroli peke yake bila kuchanganya, inawashwa kwa teke. Usinune, teke halimuaibishi mtu. Ni ndefu kidogo, matairi yana meno kama ulivyotaka. Tanki lake ni kubwa. Rangi imechubuka, lakini injini inalia kwa sauti moja, na vifaa vyake hadi Sumbawanga vinapatikana. Kiti ni kirefu.

Springi za nyuma nimetoa, nimefunga za nguvu zaidi. Spoku nimeweka nene. Galoni nitazining'iniza ubavuni kwa vyuma nilivyochomelea mwenyewe. Halafu nilifunga gunia la chumvi kwenye kiti cha nyuma, nililipima kwenye mizani hadi likafika uzito wa Gasana ninavyomkumbuka, nikaenda nalo Uvinza na kurudi. Hakuna spoku iliyokatika.

Lakini tumechelewa. Mvua zimeanza, njia ya kusini imekuwa uji. Tulipoteza kiangazi kizima kwa kununiana, mimi na wewe. Shema atakaa hapa gereji mpaka Mei. Atajifunza kuifungua hii pikipiki na kuifunga akiwa amefumba macho. Usimwite nyumbani, na usimharakishe.

Védaste


Kamembe, 2 Februari 2002

Ndugu yangu,

Nashukuru. Zaidi ya hapo sitaandika, nitalia juu ya karatasi na bei ya karatasi imepanda.

Nimewaambia bantu wa kanisa kwamba Shema anasoma ufundi wa moto nchi ya nje. Si uongo. Wakili mmoja wa hapa, mtoto wake anasoma Kigali tu. Nilimpa pole.

Mwambie Shema asiendeshe jua likishazama. Mwambie baba yake hapendi pilipili siku hizi za kukohoa, hata kama atasema anapenda. Mwambie asimpitishe haraka kwenye mashimo.

Emerance


Kigoma, 4 Julai 2002

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kabla ya kusoma. Shema amerudi, ni mzima, yuko hapa kwangu amelala. Pikipiki ni nzima. Ilikata spoku mbili na kebo ya klachi, vyote alivitengeneza njiani mwenyewe.

Alirudi na mtu kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa mlangoni mwa gereji. Niliona vichwa viwili vikija kwenye vumbi, nikaacha spana, nikakimbia barabarani na mafuta mikononi, nikaita jina la shemeji yangu kwa sauti. Watu wote wa mtaa walinisikia.

Hakuwa yeye. Ni Adrien, konvwayeri wake, yule kijana aliyekuwa anapanda juu ya mzigo na kuweka gogo chini ya tairi mlimani. Umri umempita mbio, mimi sikumtambua. Unakumbuka watu wa malori wa Kamituga: konvwayeri hana jina lake, anaitwa kwa jina la shofere wake. Njia nzima alikuwa Gasana Mdogo. Kule kambini waliomjua ni hao hao watu wa njia, wakaendelea kumwita hivyo, na baada ya miaka wakaacha hata kusema Mdogo. Habineza hakukudanganya. Kwake yeye, huyo ndiye Gasana wa lori. Barua zako mbili alizipata, akasomewa, akashindwa kujibu. Anasema hakujua mtu anaanzaje kuandika jambo kama hilo kwa mke wa bosi wake.

Alivyotuambia ni hivi. Vita ilipoingia Bukavu watu walilipanda lori, akina mama na watoto, na njia iliyokuwa wazi ilikuwa ya kwenda mbele tu. Gasana aliwaendesha hadi mafuta yakaisha, mbali kupita Kamituga. Kutoka hapo walitembea wiki nyingi kuelekea kusini. Kabla ya kufika Kalemie alishikwa na homa. Walilala kwenye kibanda cha wavuvi, kando ya mto mdogo. Alfajiri alimuomba Adrien maji, akanywa, akauliza kama lori limefungwa breki. Akafa. Adrien alichimba kwa sufuria na mikono. Aliweka mawe juu.

Ilikuwa Desemba ya 96, dada. Miaka yote hii.

Shema alimkuta Adrien kwenye banda lake la baiskeli. Anasema aliuliza, "Gasana yuko wapi?" na Adrien akanyanyua macho, akaona sura ile ya bosi wake, akaanza kulia kabla hajaambiwa lolote. Shema angeweza kumwacha pale. Akamwambia panda.

Lakini Adrien amefika hapa na amekwama. Anaogopa kuendelea. Anaogopa mpaka, na zaidi anakuogopa wewe. Anasema, "Maman Shema aliomba bwana yake, nitashukaje mimi kwenye kile kiti mbele ya macho yake?" Ameniambia hatatoka Kigoma mpaka wewe mwenyewe umwite. Na bila yeye hakuna wa kusimama kwenye matanga. Mimi sikuwepo, Shema hakuwepo.

Nimeandika jina la Gasana mara nyingi leo, umeona.

Mdogo wako,
Védaste


Kamembe, 25 Julai 2002

Védaste, ndugu yangu,

Barua yako nilipewa sokoni. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikampimia mteja kitenge chake, nikakata, sikukosea hata kidole kimoja. Halafu nikafunga meza, nikapanda nyumbani polepole. Nililala na nguo. Asubuhi banamama wa kanisa walikuja, hakuna aliyewaita. Walikuta sijawasha moto jikoni, wakawasha wao.

Jumapili nilikaa kwenye benchi yao. Walikuwa wameacha nafasi, kama siku zote. Nilitaka mmoja aseme kitu, ili nipate wa kugombana naye.

Nauliza kitu kimoja tu, na usijibu. Yale maji aliyokunywa, yalikuwa baridi? Kwa homa alipenda ya baridi.

Sasa umsomee Adrien sehemu hii, polepole, mbele ya Shema.

Adrien, mtoto wangu. Nilikukasirikia siku mbili, nakwambia wazi. Nililia kwamba wewe njo uko muzima. Nimemaliza. Wewe njo ulichimba na sufuria. Mimi bibi yake nilikuwa hapa Kamembe napika. Hautakuja kujitetea, hakuna mashitaka. Utakuja kusimama na kusema vile ilikuwa: kibanda, mto, maji, mawe. Utasema yote, hata ile ya breki, maana hapo bantu watajua kweli ni Gasana. Ukimaliza kusema, utakaa karibu na mimi, upande wa mkono wa kuume, na mtu akikuangalia vibaya atapambana na mimi. Kwa mpaka usiogope sana. Shema anajua kuzungumza na bantu wa ofisi, amefanya hivyo nchi tatu. Njoo na jina lako. Hapa tutakuita Adrien.

Shema, baba yangu, usimkimbize kwenye msitu wa Nyungwe, kuna baridi, mfunike. Hakuna mama mwingine wa Cyangugu ambaye mtoto wake amefanya ile njia na kurudi na muntu mzima mgongoni. Nitalisema hilo mbele ya wote, hata siku ya kilio. Wasinizuie.

Védaste, wewe na Benitha na batoto mtakuja na basi, mtangulie siku moja. Ndugu zetu wa Kadutu nimewatumia neno. Daraja ikifunguliwa watavuka alfajiri, ikifungwa watasimama ng'ambo, na sisi tutashuka na kuimba kutoka upande huu wasikie. Kaka yake Gasana anatoka Nkungu na maharage. Sombe ninapika mwenyewe. Mabenchi ya kanisa nimekwisha kuomba.

Matanga ya Gasana ni Jumamosi, tarehe 31 Agosti 2002, hapa kwangu Kamembe, asubuhi. Nawangoja wote. Adrien ndiye ataanza kusema.

Emerance Uwamwezi,
mjane wa Gasana